Siku Moja Milan: Macho Hayalipishwi, Kiti Ndicho Kinalipishwa

Watu wengi wakisikia Milan wanasikia Prada. Wanaona mkoba wa bei ya ploti, miwani myeusi na wanamitindo wasiotabasamu, halafu wanasema, "Huo mji si wa mtu kama mimi." Wengine nao wakipata nafasi ya kupita huko siku moja, pengine kwa mkutano wa kazi, maonyesho ya biashara au kumsalimia ndugu, wanaingia na presha ya kununua kitu, chochote kile, isije ikasemwa alifika Milan akarudi mikono mitupu.

Maoni yangu ni kwamba makundi yote mawili yamekosea. Milan ni mji wa kutazama, na kutazama ni bure. Tena pesa ya Mkenya anayekaa Milan siku moja kwa kawaida haiishii Prada, kwa sababu Prada anaogopa hata kuingia. Inaishia kwenye vitu vidogo vidogo: kiti cha mkahawa, kitufe alichobonyeza kwenye mashine ya kadi, mashine ya kutoa pesa iliyo kando ya barabara, kamba ya mkononi aliyofungwa na mtu asiyemjua. Haba na haba hujaza kibaba, tunajua. Lakini haba na haba pia hukimaliza.

Kwa hesabu za makala haya, tuseme euro moja ni shilingi 150. Bei ya siku yako itakuwa tofauti kidogo, lakini hii inatosha kutuonyesha pesa inakoenda.

Unachouziwa pale dirishani

Nilisomea masoko chuoni, kwa hivyo wacha nianze na dirisha la duka, manake ndilo linalotisha watu zaidi.

Eneo la maduka ya fasheni Milan linaitwa Quadrilatero della Moda. Ni mitaa michache tu: Via Montenapoleone, Via della Spiga, Via Manzoni na Corso Venezia. Unaweza kuizunguka yote kwa mguu kwa muda mfupi. Mwaka 2024 Via Montenapoleone ilitajwa na kampuni ya mali isiyohamishika ya Cushman & Wakefield kuwa mtaa wenye kodi ya maduka ya juu zaidi duniani, ikaupiku Fifth Avenue ya New York. Kodi yenyewe ilikuwa euro 20,000 kwa mita moja ya mraba kwa mwaka.

Hebu tuitafsiri hiyo kwa lugha ya nyumbani. Mita moja ya mraba ni nafasi ambayo mama mboga anapanga nyanya, vitunguu na sukuma wiki. Pale Montenapoleone, nafasi hiyo ni shilingi milioni 3 kwa mwaka. Na hapo mwenye duka hajalipa stima, walinzi, wafanyakazi wala maua yanayobadilishwa kila mara.

Nani analipa hiyo kodi? Mwenye kununua mkoba. Sisemi ngozi ni mbaya au fundi si hodari, la. Waitaliano wanajua kazi ya ngozi, na Prada yenyewe ilianza kama duka la bidhaa za ngozi humo humo Milan mwaka 1913. Ninachosema ni kwamba ukinunua pale unalipia mambo matatu: kitu chenyewe, jina, na ule mtaa. Kama huna kazi na hayo mawili ya mwisho, huna sababu ya kujisikia vibaya ukipita tu.

Na kupita kunaruhusiwa. Hii ndiyo sehemu watu hawaambiwi. Macho hayana pazia. Msalimie mlinzi "buongiorno," ingia, tazama ushonaji, tazama rangi zilivyopangwa, toka. Hakuna kiingilio. Bei utaikuta imeandikwa kwa herufi ndogo kama masharti ya mkopo. Mtu anayeshona Kenyatta Market au anayechagua kamera Gikomba atajifunza mengi hapo kuliko mwenye pesa anayeingia na kutoka na mfuko. Ukijua mshono mzuri unavyokaa, utautambua hata kwenye robota la mitumba.

Vitu vikubwa vya Milan havihitaji pochi nene

Siku moja inatosha kuona Milan ya katikati, kwa sababu vitu vyake vikubwa viko karibu karibu.

Anza na Duomo, kanisa kuu. Ujenzi ulianza mwaka 1386 na mlango wa mwisho ukawekwa mwaka 1965. Karibu miaka 600. Juu yake kuna minara midogo 135, na jengo zima lina sanamu zipatazo 3,400. Kileleni kabisa, mita 108 na ushei kutoka chini, anasimama Bikira Maria wa shaba iliyopakwa dhahabu, ambaye wenyeji wanamwita Madonnina. Usione vyaelea, vimeundwa.

Lakini kwa blogu ya pesa, kinachonivutia ni namna lilivyolipiwa. Mwaka 1387 iliundwa taasisi ya kusimamia ujenzi, inaitwa Veneranda Fabbrica del Duomo, na ipo hadi leo ikitunza jengo hilo. Ilikusanya michango ya wakazi, matajiri kwa maskini, na kuiandika kwenye vitabu. Kwa Kiswahili chetu hiyo ni harambee, tena harambee yenye daftari. Mtawala wa wakati huo, Gian Galeazzo Visconti, alisamehe ushuru wa marumaru yaliyochimbwa Candoglia na kusafirishwa kwa maji mpaka Milan, na mawe hayo yakawekwa alama ya herufi AUF ili yapite bila kulipishwa. Mradi uliodumu karne sita kwa michango midogo na rekodi safi. Chama chako kinakuambia nini?

Uwanja wa mbele ya kanisa ni bure. Kuingia ndani na kupanda paa ni kwa tiketi. Tiketi ya kupanda paa kwa ngazi ni nafuu kuliko ya lifti, kwa hivyo kama magoti yako yangali mazima, panda. Vaa nguo inayofunika mabega na magoti, la sivyo unaweza kuzuiwa mlangoni ukiwa na tiketi yako mkononi.

Kando ya Duomo kuna Galleria Vittorio Emanuele II, barabara iliyoezekwa kwa vioo na chuma. Ilianza kujengwa 1865, na msanifu wake, Giuseppe Mengoni, alianguka kutoka kwenye jengo hilo akafa mwishoni mwa 1877, kazi ikiwa inamalizika. Sakafuni pamechorwa fahali kwa vipande vya mawe, na watu hukanyaga sehemu zake za siri kwa kisigino na kuzunguka mara tatu ili wapate bahati. Yule fahali ana shimo mahali hapo kwa sababu ya hiyo bahati ya watu. Zunguka, cheka, piga picha. Hakuna anayekudai.

Ukitokea upande wa pili wa Galleria unakutana na La Scala, jumba la opera lililofunguliwa 1778. Kwa nje ni jengo la kawaida tu, unaweza kulipita bila kujua. Kutoka hapo tembea kidogo mpaka Castello Sforzesco, ngome ya watawala wa zamani. Nyua zake ni bure, na nyuma yake kuna Parco Sempione, bustani ya kukaa na kupumzisha miguu. Ndani ya ngome, kwa tiketi ndogo, kuna sanamu iitwayo Pietà Rondanini, ambayo Michelangelo aliichonga mpaka siku zake za mwisho mwaka 1564 akaiacha haijakamilika. Makumbusho hayo hufungwa Jumatatu.

Kitu kimoja tu Milan kinahitaji upange mapema sana: Karamu ya Mwisho ya Leonardo da Vinci, iliyo kwenye ukuta wa chumba cha kulia cha watawa wa Santa Maria delle Grazie. Aliichora kati ya mwaka 1495 na 1498 juu ya plasta kavu, mbinu iliyofanya rangi ianze kubanduka mapema. Mwaka 1943 bomu lilibomoa sehemu kubwa ya chumba hicho, lakini ukuta wa picha, uliokuwa umekingwa kwa mifuko ya mchanga, ukabaki umesimama. Leo mnaingizwa kwa makundi madogo, dakika 15 tu, mnatoka. Tiketi hununuliwa kwenye tovuti rasmi kabla ya safari na huisha haraka. Hapa ndipo madalali wanapokuvizia, wakikuuzia tiketi hiyo hiyo ndani ya "kifurushi" cha bei mara kadhaa. Kama tovuti rasmi imejaa na siku yako ni moja, mimi nasema iache. Heshima ya Leonardo haitapungua, na yako pia.

Jioni nenda Navigli, penye mifereji. Ni kupitia njia hizo za maji ndiyo marumaru ya Duomo yalifika mjini. Siku hizi kuna baa na vijana wengi, na kutembea kando ya maji jua likizama hakulipishwi na mtu.

Huku wewe ndiye mgeni wa Malindi

Mtu aliyekulia Malindi au Watamu ataelewa haraka ninachotaka kusema. Kule Waitaliano wamejaa miaka mingi, na vijana wa ufukweni wanaongea Kiitaliano cha kukushangaza. Na sote tunajua bei ya kinyago ikitajwa kwa Kiitaliano si ile inayotajwa kwa Kiswahili. Mgeni hajui bei, ana haraka, na anaona aibu kuuliza.

Sasa geuza picha. Ukifika Milan, mgeni ni wewe. Huna bei kichwani, una saa nane tu, na hutaki kuonekana mshamba. Hakuna anayehitaji kukuibia. Mambo matatu yale yanatosha kabisa.

Kwanza ni kiti. Kwenye mikahawa mingi ya Italia, kahawa ina bei mbili: ya kusimama kaunta na ya kukaa mezani. Kusimama, kahawa ndogo ni euro moja na senti kadhaa. Kahawa hiyo hiyo ukikaa kwenye meza inayotazama Duomo inaweza kuwa mara kadhaa zaidi. Si wizi, na bei zimeandikwa. Unakodi kiti na mandhari. Kwa hivyo ukitaka kiti, kaa, lakini ujue umekodi. Wenyeji wenyewe asubuhi husimama, wanakunywa mara tatu, wanaondoka. Fanya kama wao.

Kwenye hoteli za chakula, angalia neno "coperto." Ni ada ya meza, euro kadhaa kwa kila mtu, hata kama umeagiza sahani moja. Kwa kuwa ipo, usijione unalazimika kuacha bakshishi kubwa. Kama unataka kula vizuri kwa bei ya chini, tafuta panzerotto, aina ya sambusa kubwa ya unga wa ngano iliyojazwa jibini na nyanya na kukaangwa. Inaliwa kwa mkono, umesimama, na inashibisha.

Maji? Usinunue kila saa. Mjini kuna mabomba ya kijani ya chuma yanayotiririka maji safi ya kunywa mchana kutwa. Wenyeji huyaita "vedovelle," yaani wajane wadogo, kwa sababu yanalia bila kukoma. Beba chupa.

Pili ni zawadi za uwanjani. Pale mbele ya Duomo kuna watu watakaokuita "rafiki" au "kaka" na kukufunga kamba ya rangi mkononi kabla hujasema kitu. Wengine watakutilia mahindi kiganjani ili njiwa waje upigwe picha. Baada ya hapo zinaombwa euro. Wengi wao ni Waafrika wenzetu wanaotafuta riziki, na sina neno baya nao. Ukitaka kumpa mtu kitu, mpe kwa hiari, kiasi ulichoamua wewe. Ukiwa hutaki, mikono mfukoni, "no grazie," na utembee.

Na mkoba feki unaouzwa juu ya shuka? Achana nao kabisa. Sheria ya Italia inamtoza faini hata mnunuzi wa bidhaa bandia, na faini hiyo inaweza kufika euro 7,000. Hiyo ni zaidi ya shilingi milioni moja kwa mkoba wa kudanganyia picha.

Tatu ni mashine ya kutoa pesa, na hapa kuna kichekesho. Ukitembea Milan utaona "ATM" kila mahali: kwenye mabasi, tramu na vituo vya treni za chini. Usitafute pa kuingiza kadi. Hapo ATM ni Azienda Trasporti Milanesi, kampuni ya usafiri ya mji. Mashine ya pesa wao huiita "Bancomat." Ukilazimika kutoa pesa, tumia iliyo kwenye ukuta wa benki halisi, si zile za peke yake kwenye mitaa ya watalii ambazo mara nyingi zina ada kubwa na kiwango kibaya cha kubadilisha fedha.

Lakini kwa siku moja, utahitaji pesa taslimu za nini? Tangu tarehe 30 Juni 2022, mfanyabiashara wa Italia anayekataa malipo ya kadi anaweza kupigwa faini ya euro 30 pamoja na asilimia 4 ya kiasi kilichokataliwa. Kadi inakubalika hadi kwenye kahawa. Euro 20 za dharura mfukoni zinatosha.

Kitufe kinachokula pesa yako huku ukitabasamu

Kama utasahau kila kitu kwenye makala haya, shika hiki kimoja.

Unalipa na kadi yako ya Kenya. Mashine inatambua kadi imetoka wapi, inakuonyesha chaguo mbili: ulipe kwa euro (EUR), au ulipe kwa shilingi za Kenya (KES). Pengine mhudumu anakuambia kwa upole kwamba ukichagua shilingi utajua kiasi kamili hapo hapo. Inaonekana kama huduma nzuri. Shilingi ni pesa yako, unaielewa, na moyo unatulia.

Hiyo ndiyo biashara yenyewe. Ukichagua shilingi, anayebadilisha fedha si benki yako wala mtandao wa kadi yako. Ni kampuni iliyo nyuma ya mashine ile, na inaweka kiwango chake pamoja na faida yake. Sisi wa masoko tunajua siri hii: mtu hulipa zaidi kwa kitu kinachomwondolea wasiwasi.

Chukua mfano. Umenunua viatu vya euro 100. Kwa kiwango chetu cha 150 ni shilingi 15,000. Tuseme mashine inakupa kiwango cha 159. Ukibonyeza KES, utalipa shilingi 15,900. Shilingi 900 zimeenda kwa kitufe kimoja, na hakuna mtu aliyekuibia, wewe mwenyewe ndiye umekubali. Rudia hilo mara tano kwa siku, kwa vitu vikubwa na vidogo, uone utabaki na nini.

Ni kweli ukichagua euro, benki au mtoa kadi wako anaweza kukukata ada ya kubadilisha fedha. Ndiyo maana uulize ada hiyo kabla ya kusafiri. Lakini mara nyingi itakuwa chini ya ile ya mashine, na baadhi ya kadi hukata ada ya matumizi ya nje hata ukiwa umelipa kwa shilingi. Kanuni za Visa na Mastercard zinampa mteja haki ya kuchagua. Mhudumu akikubonyezea bila kukuuliza, mwambie afute aanze upya. Sema tu, "Euro, per favore." Kwenye Bancomat pia ni vivyo hivyo: kataa ubadilishaji, endelea kwa euro.

Mambo ya kupanga ukiwa bado Nairobi

Hakuna namba ya till Milan. Pochi yako ya simu itafanya kazi huko kupitia kadi tu, iwe ya plastiki au ya kidijitali. Kwa hivyo:

- Jaribu kadi kabla ya kuondoka. Lipia kitu kidogo mtandaoni, uone kama inapita. Kama ni kadi ya kidijitali, hakikisha simu yako inaweza kulipa kwa kugusisha.
- Washa huduma ya laini yako kutumika nje ya nchi. Msimbo wa siri wa muda unakuja kwa SMS kwenye laini ya Kenya. Laini ikiwa imekufa, kadi nayo imekufa.
- Jiwekee kikomo cha matumizi kwenye kadi, na uweke tu pesa ya siku hiyo. Zinazobaki zikae mbali na kidole chako.
- Beba kadi mbili, usiziweke mfuko mmoja. Duomo na vituo vya treni vina wezi wa mfukoni kama ilivyo kwenye kila mji mkubwa.
- Kwenye treni za chini za Milan unagusisha kadi mlangoni, ukiingia na ukitoka, hakuna haja ya tiketi ya karatasi. Kila mtu na kadi yake. Wakati naandika, nauli ya mara moja ni euro 2.20 na inadumu dakika 90. Tiketi ya siku nzima ni euro 7.60, kwa hivyo inakufaa ukipanda mara nne au zaidi. Ukipanda chini ya hapo, lipa kila safari.

Kama utanunua kitu kikubwa, uliza "tax free." Mtu anayeishi nje ya Umoja wa Ulaya anaweza kurudishiwa kodi ya ongezeko la thamani akinunua vitu vya zaidi ya euro 70 katika duka moja na kuondoka navyo kwenye mzigo wake. Kodi hiyo kwa bidhaa nyingi ni asilimia 22, lakini usipige hesabu ya asilimia 22 ya bei uliyolipa. Kodi iko ndani ya bei tayari: kitu cha euro 122 kina kodi ya 22, ambayo ni kama asilimia 18 ya ulicholipa. Wakala wa kurudisha naye atakata chake. Beba pasipoti dukani, tunza stakabadhi, na ufike uwanja wa ndege mapema ili fomu zithibitishwe. Kisha kumbuka ukitua JKIA, KRA nao wanaweza kukuuliza kuhusu huo mzigo.

Kuhusu zawadi, na mkopo wa picha

Sasa nifike kwenye kinachoniuma zaidi.

Kijana akisafiri kwetu, hasafiri peke yake. Anasafiri na orodha. Shangazi anataka manukato, binamu anataka raba, marafiki wanataka picha za kuonyesha kwamba kweli tumefika. Na kwa sababu mkopo wa simu uko umbali wa kubonyeza mara tatu, mtu anakopa akiwa amesimama pale pale Galleria. Tuseme umekopa shilingi 30,000 na ada ni asilimia 8 kwa mwezi. Hiyo ni shilingi 2,400 ya kuikodi pesa kwa mwezi mmoja, kabla hujarudisha hata shilingi ya deni lenyewe. Picha itapendwa siku mbili. Deni litakuamsha usiku mwezi mzima.

Nimesikia wanaosema, "Lakini Milan ni mara moja maishani. Wacha mtu ajienjoi." Nawaelewa. Mimi si mtu wa kumnyima mtu raha, na kama umeweka akiba ya viatu vya Kiitaliano mwaka mzima, vinunue na uvivae kwa fahari. Bora zaidi, panga safari wakati wa "saldi," mauzo ya punguzo yanayoanza mapema Januari na mapema Julai. Pesa ya akiba ni pesa yako, na uamuzi uliofanywa nyumbani kwa utulivu ni uamuzi halali.

Ninachopinga ni uamuzi unaofanywa mbele ya dirisha, kwa aibu, kwa pesa ya kukopa. Huo si kujienjoi. Huo ni kulipia hofu ya kuonekana huna. Na hofu hiyo ndiyo bidhaa inayouzwa kwa faida kubwa zaidi katika kila mji wa fasheni, Milan na Nairobi pia.

Kwa shangazi, peleka kahawa ya Italia ya dukani, ile ya supamaketi. Atafurahi, na pia atakuuliza kwa nini umempelekea kahawa ilhali Nyeri iko. Mtacheka, na hakuna aliyekopa.

Bajeti yangu ya siku

Haya ni makadirio yangu kwa mtu mmoja, bila nauli ya kutoka uwanja wa ndege:

- Usafiri wa siku nzima: euro 7.60 (shilingi 1,140)
- Kahawa na kitafunio cha asubuhi, umesimama: euro 3 (shilingi 450)
- Chakula cha mchana, panzerotti na kinywaji: euro 8 (shilingi 1,200)
- Fungu la Duomo, pamoja na paa kwa ngazi: euro 20 (shilingi 3,000)
- Makumbusho ya Castello: euro 5 (shilingi 750)
- Kinywaji na vitafunio jioni Navigli, hapa ukae kwenye kiti: euro 15 (shilingi 2,250)

Jumla ni euro 58.60, yaani shilingi 8,790. Ukitaka ipungue zaidi, acha Castello ubaki na bustani, au panga siku yako iwe Jumapili ya kwanza ya mwezi, ambapo makumbusho ya serikali ya Italia hayatozi kiingilio.

Si pesa kidogo. Kuna mtu anayelipa nyumba nayo mwezi mzima, na sitajifanya sijui hilo. Lakini kwa mtu ambaye tayari yuko Milan, ni siku kamili: kanisa la miaka 600, paa lenye sanamu, kazi ya mwisho ya Michelangelo, mtaa uliotajwa mwaka 2024 kuwa wa kodi ya juu kuliko yote duniani, na jua likizama juu ya mifereji. Na hakuna ujumbe wa deni utakaokufuata mpaka nyumbani.

Kwa hivyo ukiipata hiyo siku, nenda. Ingia kila duka unalotaka, tazama mpaka ushibe, simama kaunta, panda ngazi, na mashine ikikuuliza euro au shilingi, unajua cha kubonyeza.